Mkandarasi au Mtumishi? Kampuni ya mtu mwenyewe na haki za anayefanya kazi

Katika vigango na Jumuiya Ndogondogo zilizo kando ya barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, hususan Kabuku na vijiji vinavyoizunguka kati ya Handeni na Korogwe, lipo swali ambalo wazee wetu hawakulazimika kujiuliza. Kijana anaamka kila siku kwenda mahali pale pale, kwa saa alizopangiwa, chini ya msimamizi yule yule, kwa mashine isiyo yake. Lakini mwisho wa mwezi halipwi mshahara. Analeta ankara yenye jina la kampuni aliyoiandikisha yeye mwenyewe, na kampuni hiyo ndiyo inayolipwa. Je, huyu ni mtu aliyejiajiri, au ni mwajiriwa aliyevikwa koti la mkandarasi?

Jambo lenyewe kwa kawaida huanza kwa maneno ya upole. Mkataba wa ajira unapokaribia kwisha, kijana huambiwa kwamba kazi bado ipo na wala hakuna anayemfukuza, ila utaratibu umebadilika: aende akasajili kampuni BRELA, apate namba ya mlipakodi na leseni ya biashara, kisha arudi kama mtoa huduma. Huambiwa pia kwamba atapata fedha nyingi zaidi. Hilo la mwisho, kwa mtazamo wa haraka, ni kweli, na ndiyo maana wengi hukubali wakiwa na furaha. Tunaona ni vema tukalipigia hesabu kabla ya kulitolea hukumu.

Tuchukue mfano wa dereva wa trekta mwenye mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi, na tutumie viwango vya mwaka wa fedha 2023/2024. Akiwa mwajiriwa, anakatwa asilimia 10 ya mchango wa NSSF, yaani shilingi 60,000. Kodi ya mshahara kwa kiasi kinachobaki ni shilingi 24,000. Anaondoka na shilingi 516,000. Mwajiri wake naye, juu ya mshahara huo, anachangia NSSF shilingi 60,000, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) shilingi 3,000, na endapo ana wafanyakazi kumi au zaidi, tozo ya kuendeleza ufundi stadi shilingi 21,000. Kwa jumla dereva huyu anamgharimu mwajiri shilingi 684,000 kwa mwezi.

Sasa dereva ameambiwa alete ankara ya shilingi 650,000 kwa jina la kampuni yake. Anayemlipa anakata kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani shilingi 32,500, na kumkabidhi shilingi 617,500. Dereva anaona ongezeko la zaidi ya shilingi laki moja mkononi mwake. Aliyekuwa mwajiri wake anaona nafuu ya shilingi 34,000 kila mwezi. Kila mmoja anafurahi, na katika jambo ambalo pande mbili zinafurahi pamoja, ni nani atakayethubutu kulalamika?

Lakini shilingi 120,000 zilizokuwa zikiingia NSSF kila mwezi kwa jina la dereva hazipo tena. Likizo ya siku 28 yenye malipo, ambayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inampa kila mwajiriwa aliyestahili, haipo. Akikaa nyumbani hana ankara ya kupeleka. Akiugua, zile siku 126 za ruhusa ya ugonjwa katika kipindi cha miezi 36 hazimhusu. Kama ni mama, siku 84 za likizo ya uzazi zimeyeyuka. Kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka wa utumishi hakimhusu. Na siku atakapoambiwa asirudi, hataachishwa kazi. Mkataba wa kibiashara utakuwa umekwisha tu, na hakuna atakayedaiwa sababu. Katika zile laki moja za ziada kuna pia ada ya leseni, ujira wa mhasibu wa kuandaa hesabu za kampuni, taarifa za kila mwaka za BRELA, na kodi ya mapato ya kampuni ambayo ni asilimia 30 ya faida. Dereva hakuelezwa haya siku ile ya maneno ya upole, na yumkini hata aliyemwambia hakuyafahamu yote.

Tukirudi kwenye swali lenyewe, jibu linategemea ni nani anayeuliza na kwa ajili ya nini. Mbele ya sheria kuna tofauti kubwa kati ya jina la biashara na kampuni, tofauti ambayo watu wetu wengi huichanganya. Aliyesajili jina la biashara amejipatia jina tu. Yeye na biashara yake ni mtu mmoja, na madeni ya biashara ni madeni yake hadi kwenye kitanda anacholalia. Huyu ndiye aliyejiajiri kwa maana halisi ya neno. Aliyesajili kampuni chini ya Sheria ya Kampuni ya mwaka 2002 amefanya jambo jingine kabisa: ameleta duniani mtu mwingine wa kisheria, mwenye mali yake, madeni yake na uwezo wa kushtaki na kushtakiwa. Fedha zinazolipwa kwa kampuni si fedha za mwenye hisa, hata kama hisa zote ni zake. Anapozichukua, azichukue ama kama mshahara, ama kama gawio. Kwa hiyo, kwa ukali wa sheria, anayefanya kazi kupitia kampuni yake hajajiajiri. Ameajiriwa, na aliyemwajiri ni kampuni yake. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 nayo inaihesabu nafasi ya mtu aliye meneja wa taasisi kuwa ni ajira, na malipo yake ya kazi kuwa mapato ya ajira.

Kuna shauri mashuhuri lililotoka mbali na sisi, ambalo wanafunzi wa sheria hulisoma mpaka leo. Geoffrey Lee alikuwa rubani nchini New Zealand. Aliunda kampuni ya kumwaga mbolea mashambani kwa ndege, akashika hisa 2,999 kati ya hisa 3,000, akawa mkurugenzi mtawala na wakati huo huo rubani mkuu aliyejilipa mshahara. Mwaka 1956 ndege yake ilianguka akiwa kazini, naye akafariki dunia. Mjane wake alidai fidia ya mfanyakazi aliyefia kazini. Mahakama ya Rufani ya huko ilimkatalia ikisema kwamba mtu hawezi kuwa bwana na mtumishi wa nafsi yake. Shauri likafika London katika Baraza la Malkia, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa New Zealand, na mwaka 1960 likaamuliwa kinyume chake: Lee na kampuni yake walikuwa watu wawili, kampuni iliweza kumwajiri, na mjane alistahili fidia.

Tunalisimulia shauri hili kwa sababu ya mjane. Aliweza kudai fidia kwa kuwa kampuni ya mumewe ilikuwa imekata bima kwa ajili ya wafanyakazi wake, mumewe akiwa mmoja wao. Kwetu Tanzania wajibu wa namna hiyo umo katika Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na WCF ilianza kazi Julai 2015. Mwajiri anayepaswa kujiandikisha na kuchangia ni yule mwenye mfanyakazi. Na kijana akishahamishwa kwenye orodha ya wafanyakazi na kuwa kampuni, mwajiri huyo ni kampuni yake mwenyewe. Ni wangapi kati ya vijana waliosajili kampuni kwa kuambiwa walifika pia WCF? Trekta likipinduka kwenye tuta la shamba, swali hilo halitaulizwa na kijana. Litaulizwa na mke wake, mbele ya meza ya ofisi, akiwa amevaa kaniki.

Mpaka hapa tumezungumza juu ya kijana na kampuni yake. Upande wa pili, ambao kwa maoni yetu ndio mzito zaidi, ni ule wa kijana na yule anayemfanyia kazi kweli kweli. Je, kwa kuweka kampuni katikati, mwajiri wa jana ameacha kuwa mwajiri?

Hapa sheria ya nchi yetu ina hekima ambayo haijasemwa vya kutosha kwenye mimbari wala kwenye mikutano ya vijiji. Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inaweka dhana kwamba mtu anayefanya kazi au kutoa huduma kwa mwingine ni mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, na bila kujali mkataba wao umeandikwa kwa sura gani. Inatosha kimojawapo cha viashiria kadhaa kiwepo. Namna anavyofanya kazi iwe chini ya uongozi au maelekezo ya mwingine; saa zake za kazi ziwe zinapangwa na mwingine; awe ni sehemu ya taasisi anayoifanyia kazi; awe amemfanyia kazi mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita; awe anamtegemea kiuchumi; awe anapewa vifaa vya kazi; au awe hana mwingine anayemhudumia isipokuwa huyo mmoja. Tumpime dereva wetu. Huenda hakuna hata kiashiria kimoja atakachokikosa.

Neno la kuzingatia ni dhana. Maana yake ni kwamba mzigo wa kuthibitisha unamwelemea mwajiri. Si dereva anayepaswa kuhangaika kuonesha kwamba yeye ni mwajiriwa. Akishaonesha kiashiria kimoja, mwajiri ndiye anayepaswa kusimama na kueleza kwa nini asihesabiwe hivyo. Fikra hiyo hiyo imo katika Pendekezo Na. 198 la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 2006, linalohimiza kwamba uhusiano wa kazi uamuliwe kwa kutazama yanayotendeka, na si jina lililoandikwa juu ya karatasi.

Tusifiche ugumu uliopo. Kifungu kinamlinda mtu, na mwajiri atajitetea kwamba hakuingia mkataba na mtu bali na kampuni, ambayo yenyewe haiugui, haichukui likizo wala haijifungui. Kwa aliyesajili jina la biashara utetezi huo ni dhaifu sana, maana yeye na jina lake ni kitu kimoja. Kwa aliyesajili kampuni una nguvu zaidi, kwa sababu ile ile iliyomsaidia mjane wa Lee: sheria ikikubali kwamba kampuni ni mtu mwingine, inakubali kwa faida na kwa hasara. Hata hivyo, kampuni iliyozaliwa kwa agizo la mwajiri, isiyo na mteja mwingine, isiyo na jembe wala nyundo, ambayo mwenyewe hawezi kumtuma mtu mwingine afanye kazi badala yake, na ambayo bei yake ilipangwa na mnunuzi, si rahisi kuiita biashara bila kuona haya. Sheria ya Ajira yenyewe inapomfasiri mwajiriwa inamjumuisha anayejifunga kufanya kazi yeye binafsi kwa ajili ya mwingine, iwapo huyo mwingine si mteja wa taaluma au biashara aliyo nayo. Swali la msingi, basi, ni hili: je, ilikuwapo biashara kabla ya huyo mteja, na itakuwapo baada yake?

Waingereza wamehangaika na jambo hili kwa robo karne. Tangu mwaka 2000 wanayo sheria ya kodi ijulikanayo kwa jina la IR35, inayowalenga watu wanaotoa huduma kupitia kampuni zao ilhali kwa hali halisi wangekuwa waajiriwa. Mwaka 2017 wajibu wa kuamua hali ya mtu huyo ulihamishiwa kwa taasisi za umma zinazomtumia, na Aprili 2021 ukafika kwa kampuni binafsi kubwa na za kati. Wapo Watanzania na Wakenya wanaofanya kazi huko wanaoifahamu vizuri. Kasoro yake kubwa ni kwamba inamfanya mtu ahesabiwe kama mwajiriwa pale serikali inapotaka kodi, lakini haimpi likizo wala ulinzi wa mwajiriwa. Sheria yetu, kwa herufi zake, imeanzia upande ulio bora: imeanza na mfanyakazi. Kinachopungua ni watu wa kuitumia.

Si mara ya kwanza kwa Serikali kukutana na mbinu za kumweka mtu mwingine katikati. Mwaka 2014 zilitungwa kanuni za mawakala binafsi wa ajira, baada ya malalamiko mengi kwamba mawakala walikuwa wakiwaajiri watu na kuwakodisha kwa kampuni nyingine, huku sehemu ya ujira ikibaki njiani. Tofauti ya sasa ni kwamba wa katikati amekuwa mfanyakazi mwenyewe.

Kwetu Tanga historia ya jambo hili ni ndefu kuliko BRELA. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ikiwa hai ilipopandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutoka hapo ukaenea bonde zima la Pangani mpaka Korogwe na Handeni. Mashamba yalihitaji mikono, na mikono ilifungwa kwa namna nyingi. Kulikuwa na manamba, walioletwa kwa mkataba kutoka Kigoma, Songea na hata nje ya Tanganyika, na tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kuwakusanya, SILABU. Na kulikuwa na wenyeji wa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Mtu wa kipande alionekana kuwa huru: siku akitaka huenda, asipotaka halazimiki, kwa kuwa ana shamba lake la mahindi. Lakini halipwi mpaka kadi ijae. Uhuru wake ulikuwa kwenye kadi. Ugali wake ulikuwa kwa mwenye shamba. Wazee wa Kabuku waliokata mkonge na kufunga matita kwa ngwe waliyopimiwa wanaweza kueleza kwa undani kuliko sisi ni ipi tofauti ya kupangiwa kazi na kupatana kazi.

Karibu na sisi zaidi upo mfano wa wakulima wa mkonge wa mkataba wa Korogwe. Baada ya ubinafsishaji wa mwishoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya Katani ilianzisha mpango ambao ndani yake wakulima waligawiwa sehemu za mashamba ya zamani kama Hale, Magoma, Mwelya, Magunga na Ngombezi, wakapata mikopo ya kupanda na kutunza, na majani yao yakasindikwa kwenye korona za kampuni. Fikra ilikuwa nzuri, na hatusiti kuisifu: aliyekuwa kibarua awe mkulima mwenye mkonge wake. Hakuna aliyesema kwamba wakulima hao walikuwa waajiriwa. Hata hivyo, mnunuzi alikuwa mmoja, mashine zilikuwa za mmoja, na makato ya mikopo yalifanywa mezani pa mmoja. Malalamiko yalipokua, Serikali iliingilia kati, na wakulima wakasimama kupitia vyama vyao vya ushirika vya msingi. Tunachojifunza si kwamba mpango ulikuwa mwovu. Ni kwamba kumwita mtu mjasiriamali hakumwondolei utegemezi, na kwamba mtegemezi aliye peke yake hana nguvu ya kuuliza hesabu. Wakulima wa Korogwe walipata sauti walipokuwa chama. Kijana mwenye kampuni yake, ambaye jirani yake naye ana kampuni yake, hana hata chama cha wafanyakazi cha kujiunga nacho, kwa maana kwenye karatasi wote wawili ni wakurugenzi.

Mafundisho Jamii ya Kanisa yanatupatia hapa vipimo viwili. Kipimo cha kwanza kimo katika waraka wa Papa Leo XIII, Rerum Novarum, wa tarehe 15 Mei 1891. Alifundisha kwamba mapatano ya hiari peke yake hayatoshi kuufanya ujira uwe wa haki; mtu anayekubali masharti magumu kwa kuogopa baya zaidi ametendewa nguvu, hata kama amesaini kwa mkono wake. Dereva wetu alisaini. Alikwenda mwenyewe kusajili. Lakini tujiulize kama alikuwa na njia ya kukataa na kubaki na kazi. Kipimo cha pili tumekipata kwa Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka Laborem Exercens wa mwaka 1981, anapotofautisha mwajiri wa moja kwa moja na mwajiri asiye wa moja kwa moja. Huyu wa pili ni wote wanaoweka mazingira ambamo mkataba unafanyika: dola, taasisi, wanunuzi wakubwa. Hawawezi kunawa mikono kwa kusema kwamba saini yao haipo. Mnunuzi anayeshusha bei ya zabuni mpaka isibakie nafasi ya mchango wa NSSF anashiriki katika kumnyang'anya mtumishi uzee wake, ingawa hajawahi kumwona.

Maandiko Matakatifu nayo yako wazi kwa namna ya kutisha. Kumbukumbu la Torati linaagiza kibarua alipwe kabla jua halijatua, kwa sababu moyo wake umeutegemea ujira huo. Na Mtakatifu Yakobo anasema kwamba ujira uliozuiliwa wa waliovuna mashamba unapiga kelele hata ukamfikia Bwana. Hakuna kati yao aliyeuliza kwanza kama mvunaji alikuwa na kampuni.

Pamoja na hayo, Kanisa halijawahi kumchukia mtu anayejitegemea. Mtakatifu Yosefu, ambaye Papa Pius XII mwaka 1955 alimwekea sikukuu yake kama mfanyakazi tarehe 1 Mei, alikuwa fundi wa kijijini. Hatusikii kwamba alikuwa na bwana. Leo XIII mwenyewe alitamani wafanyakazi wengi iwezekanavyo wawe na mali yao. Bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye kilometa 1,443, ambazo 1,147 ziko Tanzania, linapita pia Handeni na Korogwe, na miradi ya namna hiyo hununua huduma kwa kampuni: chakula, usafiri, ulinzi, uchomeleaji. Sheria ya ununuzi wa umma imetenga asilimia 30 kwa makundi ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Fundi wa kuchomelea wa Kabuku mwenye mashine yake, wateja wake kutoka Mkata hadi Segera, na mwanafunzi mmoja anayemfundisha kazi, akisajili kampuni ili apate zabuni, amefanya jambo jema, nasi tunamtia moyo. Akikosa kazi kwa mteja mmoja, anao wengine. Bei anaitaja yeye. Huyu ni mkandarasi, na akihesabiwa hivyo hajaonewa.

Tunamweka bayana kwa sababu wapo wanaochukulia kila mkataba wa huduma kuwa wizi, na hilo nalo si haki. Mwajiri mdogo mwenye duka la vipuri au gari mbili za kusafirisha machungwa hana nia ya kumdhulumu mtu. Mara nyingi ameshauriwa vibaya na mtu aliyemwambia kwamba hii ndiyo njia ya kisasa. Afahamu tu kwamba ikiamuliwa siku moja kwamba mtoa huduma wake alikuwa mwajiriwa siku zote, michango ambayo haikupelekwa NSSF itadaiwa kwake pamoja na adhabu ya kuchelewa, na nafuu ya shilingi 34,000 kwa mwezi itageuka deni la miaka.

Halmashauri za walei za parokia nazo, pamoja na wasimamizi wa shule na zahanati zetu, wanapopatana na fundi wa ujenzi, mlinzi au mpishi, wajiulize maswali yale yale ya kifungu cha 61. Fundi anayekuja na vijana wake kujenga ukumbi kwa miezi minne kisha akaenda kujenga kwingine ni mkandarasi. Mlinzi anayelinda lango lile lile kila usiku kwa miaka sita si mkandarasi, hata kama anasaini daftari la posho.

Kwa yule ambaye tayari ameombwa kusajili kampuni, au amekwisha kusajili, yapo mambo ya kufanya mapema. Aombe bei inayobeba gharama zilizohamishiwa kwake: michango yote miwili ya NSSF, mwezi mmoja wa likizo, mhasibu, WCF. Kwa dereva wa mfano wetu, shilingi 650,000 hazifiki. Aiandikishe kampuni yake NSSF na WCF kama mwajiri, na yeye kama mfanyakazi wake wa kwanza. Au kama ana jina la biashara tu, ajiunge na NSSF kwa hiari, kwa kuwa tangu mabadiliko ya mwaka 2018 mfuko huo ndio wa sekta binafsi pamoja na waliojiajiri. Atenganishe fedha za kampuni na za nyumbani. Atunze mkataba wa zamani wa ajira, hati za mishahara, kitambulisho cha kazi, ratiba za zamu, na ujumbe wa simu unaomwelekeza afanye nini na saa ngapi. Vitu hivi vidogo ndivyo viashiria vya kifungu cha 61, na havirudi vikishafutwa.

Akiondolewa kazini na kuamini kwamba kwa kweli alikuwa mwajiriwa, mahali pa kwanza pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo inayo ofisi Tanga mjini. Fomu ya malalamiko ni Fomu Na. 1 ya Tume. Kwa mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali muda ni siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Kwa madai mengine, kama ujira ambao haujalipwa, ni siku 60. Akichelewa ataanza kwa kuomba aongezewe muda na kueleza sababu ya kila siku aliyochelewa. Kutoka Kabuku ni safari ya siku moja, kwenda na kurudi, kwa anayeondoka na basi la asubuhi.